Mama Mkwe Nje, Kahawa ya Burundi Ndani

"Toka!"

"Sitoki."

"Kijana, toka. Ama hawa askari wavunje huu mlango wakutoe kama panya."

"Wavunje. Lakini wewe Madam usiingie. Nakuomba kwa heshima yote, geuka, enda mbali kidogo."

"Mimi nigeuke? Unajua unaongea na nani?"

"Ndio shida yenyewe. Najua."

"Gordon! Leta mtaimbo!"

"Madam, wacha mtaimbo! Mimi ni Ojwang!"

"Najua wewe ni Ojwang. Paulinus Ojwang, dairekta. Nimetoka Nairobi kwa sababu yako."

"Hapana Madam. Mimi ni Ojwang wa Atyang."

"Ojwang wa nani?"

"Wa Atyang wako. Ile ng'ombe nyekundu ya Jumamosi, ile ya mama, ni mimi nililetea wewe."

Nikasikia mtaimbo umeanguka. Nikasikia Gordon amelia, kwa hivyo ulimwangukia kwa mguu. Halafu nikasikia viatu vya mama mkwe wangu vikikimbia kwa kokoto, ko ko ko ko, mpaka nyuma ya lori.

Nikakaa chini juu ya gunia ya kahawa. Jasho ilikuwa imeingia mpaka kwa soksi.

Kama gazeti ya wiki jana ilifungia nyama kabla uisome, acha nikupeleke haraka. Mimi nilikuwa mtu wa baiskeli hapa Malaba. Nabeba watu na mizigo, Kenya hadi Uganda, Uganda hadi Kenya. Shule niliacha darasa la saba, na shule haikulia. Baiskeli yangu ikakamatwa ng'ambo na sukari ya mtu, mwenye sukari akanitafuta na panga, na aliyeniokoa ni Mzee Emorut, mwenye malori. Akanivalisha koti ya suti. Akanipatia kampuni.

Ndio, kampuni. Sikuomba. Mwaka huo wa tisini na sita wanajeshi walikuwa wamechukua serikali kule Burundi. Marais wetu wa huku wakakutana Arusha wakasema Burundi ifungwe. Hakuna kitu kuingia, hakuna kitu kutoka. Sasa watu wa Burundi wana kahawa imejaa mpaka kwa dari, na wazungu wanaitaka. Unafikiri itakaa tu iote?

Inakuja kupitia Uganda, imefichwa chini ya mahindi. Ikifika hapa kwa stoo, vijana wanamwaga gunia ya Burundi, wanajaza gunia ya Uganda, wanashona. Dairekta anasaini kwamba hii kahawa ni ya Uganda, yeye mwenyewe ameinunua huko kwa mkono wake. Inashuka Mombasa kama imebatizwa.

Dairekta ni mimi. Kwa karatasi mimi ni tajiri. Kwa ukweli hata stuli ninayokalia nikisaini ni ya Mzee Emorut.

Na binti? Atyang ni binti ya huyo huyo Emorut. Ana cherehani pale soko, anashona sare za shule. Nilikuwa nambeba kwa baiskeli kabla baiskeli ikamatwe, na baada ya hapo nikawa namtembeza na miguu. Mapenzi ilikuwa ya siri. Nilijua mzee akijua atanikanyaga na lori.

Siku moja akaniita.

"Nasikia wewe na Atyang mnatembea."

Nikaanza kutafuta dirisha na macho.

"Leta ng'ombe Jumamosi," akasema.

"Mzee, mimi sina hata kuku."

"Nani amekuuliza una nini? Enda shamba yangu ya Kocholia. Chukua ng'ombe nzuri. Zungusha na barabara kubwa, uingie na lango la mbele, watu waone. Lakini Atyang asijue. Na mama yake asijue kabisa."

Umewahi kusikia baba anajilipa mahari yeye mwenyewe? Mimi sikuuliza. Nikaenda kwa kioo cha kinyozi nikajitazama vizuri. Nikasema, Paulinus, kumbe uko na sura.

Atyang nilimdanganya. Nilimwambia ng'ombe ni za babu yangu wa Funyula. Aliposikia alilia. Akasema, "Wasichana wa huku wanaolewa na ahadi, Pauli. Mimi nimeletewa ng'ombe." Aliniangalia vile hakuna mtu amewahi kuniangalia, hata mama yangu. Ningefanya nini? Nikanyamaza.

Jumamosi mjomba wangu Omollo akaja kutoka Funyula kusema kwa niaba yangu. Alisifu hizo ng'ombe kama amezinyonyesha. Wazee wakakaa na mirija yao kwa chungu cha pombe ya ajon, wakakubali. Mama ya Atyang alikuwa amekuja kutoka Nairobi, lakini mimi sikumwona. Alikuwa nyumba ya wanawake na mimi nilikuwa kwa wanaume, na hivyo ndivyo inatakiwa.

Hapa lazima uelewe. Sisi Wasamia na hao Wateso tunabishana kuhusu kila kitu, hata samaki ipikwe namna gani. Lakini kwa mama mkwe tumekubaliana. Mkwe hamwangalii uso. Hamsalimii na mkono. Hawakai nyumba moja. Mkikutana kwa njia mmoja anaingia kwa mahindi. Hata jina la mkwe, mama halitaji wala haulizi. Ndio maana Madam Akwii, mama mkwe wangu, alijua tu kuna kijana wa Funyula, na kwa faili yake alikuwa na Paulinus Ojwang, na Ojwang huku ni wengi kuliko mbu.

Leo asubuhi ndio Mzee Emorut ameniambia, anacheka, meno yote nje: "Kuna mama mpelelezi wa Nairobi anakuja kuuliza mambo ya kahawa. Usiogope. Ni mke wangu."

Sasa umeelewa kwa nini nilijifungia?

Mlango ukagongwa polepole.

"Pauli. Ni mimi. Fungua."

Nikafungua kidogo. Atyang, na futi ya kupimia bado iko kwa shingo.

"Watu wamekuja mpaka soko kuniambia mama yangu na mume wangu wanatusiana kwa stoo ya kahawa. Ni nini?"

"Hatujatusiana. Hatujaongea."

"Mama ako nyuma ya lori anatetemeka. Kuna mtu anaruka na mguu moja."

"Huyo ni Gordon. Ni polisi wa Nairobi."

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya lori. "Atyang! Kuja ukae hapo kwa mlango. Mimi nitakaa huku, nitaangalia Uganda. Utakuwa unanisemea."

Wakamletea kiti. Akakaa, mgongo kwetu, uso Uganda. Mimi nikakaa ndani, mgongo kwa mlango, uso kwa gunia. Atyang akakaa kwa kizingiti, katikati.

"Muulize huyo mtu hii kahawa imetoka wapi."

"Mama anauliza kahawa imetoka wapi."

"Mwambie Uganda."

"Anasema Uganda."

"Muulize Uganda wapi. Alinunua kwa nani."

"Anauliza Uganda wapi."

"Mwambie Uganda ya kule ndani ndani."

Atyang akasema, "Hiyo siwezi kumwambia. Ni ujinga."

"Nimesikia," mama akasema.

"Kama unasikia, mnanituma ya nini?"

"Kwa sababu mimi sijaongea na yeye. Muulize kama anajua kahawa inamea juu ya mti ama chini kama viazi."

Atyang akageuka kwangu. Niliona anazuia kucheka.

Nikafikiri. "Mwambie inategemea."

Hata askari walicheka. Gordon, ambaye alikuwa amevua kiatu, akasema, "Madam, huyu mwachie mimi. Mimi sina undugu na yeye. Nitamuuliza vizuri."

"Wewe kaa na mguu wako. Ulienda Busia kuuliza watu vizuri, ukarudi na mbuzi kwa buti ya gari."

Gordon akaanza kuangalia mguu wake kama hajawahi kuuona.

Mimi huko ndani nilikuwa nimeanza kufurahi, nisikudanganye. Nikaona Mzee Emorut ana akili kama shetani. Huyu mama hawezi kunifikia. Ataangalia Uganda mpaka jioni, atachoka, atarudi Nairobi. Mimi nitabaki na Atyang wangu.

Halafu mama akasema, taratibu sasa.

"Atyang, mwambie hivi. Mkwe wangu simshiki. Haiwezekani. Nitampatia Gordon faili, na Gordon atampeleka Nairobi. Nairobi wanatafuta dairekta. Dairekta amepatikana, amesaini kila mahali, kesi imekwisha. Atafungwa yeye peke yake. Mwenye kahawa atakunywa chai nyumbani."

Furaha ikanitoka kama upepo kwa tyubu.

"Ama," akaendelea, "aongee na mimi, uso kwa uso, aseme nani alimtuma. Nimwandike shahidi. Shahidi analala kwake."

Atyang akasema, "Lakini mama, uso kwa uso huwezi. Ni mkwe."

"Na mkwe siwezi. Ndio nataka umuulize kitu kimoja tu. Ng'ombe alitoa wapi?"

"Mama, si unajua? Ni za babu yake wa Funyula."

"Muulize."

"Kwa nini nimuulize kitu najua?"

"Ile nyekundu walinipatia," mama akasema, "jana nilikuwa zizini, nikaita tu, 'Krismasi!' Ikakuja mbio. Krismasi ni jina nilimpa mimi, Kocholia, siku ilizaliwa. Nilinyamaza, nikasema labda ni mambo ya wanaume. Sasa muulize. Ng'ombe ya Funyula imejulia wapi hilo jina?"

Atyang akageuka. Hakuuliza na mdomo. Aliniangalia tu.

Fikiria uko mahali pangu. Nikisema za babu, nabaki mkwe, nabaki na Atyang, na Gordon ananibeba mpaka Nairobi. Nikisema ukweli, hakuna mahari ililipwa, mimi si mkwe wa mtu, nalala kwangu. Lakini nalala peke yangu.

Kabla nifungue mdomo, pikapu ikasimama. Mzee Emorut akashuka, tumbo kwanza, kicheko nyuma.

"Akwii, mke wangu! Unakalia kiti kwa jua kama mgonjwa? Njoo nyumbani upumzike."

"Niko kazini, Baba Atyang."

"Kazi gani tena? Huyo ni mtoto wako. Ng'ombe ulikubali. Wazee walikunywa. Mambo ya mkwe imefungwa, haifunguliwi na mtu wa Nairobi."

"Nilikupigia simu kukwambia natumwa Malaba kuangalia kahawa," mama akasema, na bado uso uko Uganda. "Wiki hiyo hiyo ukanipigia kusema Atyang amepata mchumba. Nilifurahi. Nilinunua kitambaa. Nilicheza mpaka magoti yakauma, Emorut."

Mzee akakohoa.

Hapo ndio nilijua sura yangu haikuwa na kazi yoyote. Hii mahari ilikuwa ukuta. Alijenga ukuta kati ya mke wake na kahawa yake, na tofali alitumia ni mimi na Atyang.

"Mkwe!" Mzee akaniita, sauti tamu. "Waambie ng'ombe ni za nani, tumalize, twende tukale."

Mimi ni mtu wa mdomo. Nimewahi kudanganya kastam, polisi, padri, hata daktari wa meno. Lakini Atyang alikuwa ameshika hiyo futi na mikono miwili, anaivuta, na macho yake yalikuwa yananiomba nidanganye vizuri. Kama angenitukana ningeweza. Hivyo alivyoniangalia, mdomo ulikataa.

"Ni za baba yako," nikasema.

"Sema tena."

"Ng'ombe ni za baba yako, Atyang. Zilitoka Kocholia. Mimi nilizitembeza tu."

"Mjinga wewe!" Mzee akapiga pikapu ngumi.

Atyang hakulia. "Na babu wa Funyula?"

"Alikufa kabla nizaliwe. Hakuwa na ng'ombe."

"Ulijua ni kwa sababu ya kahawa?"

"Hapana. Haki ya Mungu, hapana. Nilidhani amenipenda."

Akatoa pumzi na pua. Mtu angeweza kudhani ni kicheko.

Kiti kikalia kwa kokoto. Nikasikia viatu, ko, ko, ko, vinakuja. Nikafunga macho. Nyanya yangu alisema ukimwangalia mama mkwe uso kwa uso meno yatakutoka moja moja. Nikayashika na ulimi.

"Fungua macho," akasema. "Wewe si mkwe wangu."

Nikafungua. Ni mama mfupi, na miwani, na Atyang amefanana na yeye kabisa, hata hasira. Aliniangalia kutoka kwa koti mpaka kwa viatu.

"Kumbe ni katoto," akasema. "Emorut, umeficha lori zako nyuma ya hii kitu?"

Meno yangu yote yalikuwa bado yapo. Lakini kifua kilikuwa kitupu, kwa sababu Atyang alikuwa amesonga kutoka kizingiti, amesimama upande wa nje, mbali na mimi.

"Sasa tuongee," Madam akatoa kalamu. "Nani alikupatia kampuni?"

"Mzee Emorut."

"Malori ni ya nani?"

"Yake."

"Hii stoo ni ya nani?"

"Hata hiyo ni yake."

Mzee Emorut akacheka. Si kile kicheko chake kikubwa. Hiki kilikuwa kidogo, cha mtu amekalia karata.

"Hapo umekosea, Dairekta. Mimi sina stoo Malaba. Malori ndio, nakodisha kwa yeyote, sijui wanabeba nini. Stoo nilimwandikia binti yangu mwaka jana. Zawadi. Enda uulize ofisi ya ardhi. Kila gunia ya Burundi iliingia kwa mlango wa Atyang. Na aliyekodi kutoka kwake ni huyu hapa, na sahihi yake iko."

Ndege walikuwa wanalia kwa mabati juu. Niliwasikia wote.

"Mimi?" Atyang akasema. "Mimi nashona sare za shule."

"Una stoo, mama. Baba yako anakupenda."

Atyang akanigeukia. "Pauli, ulisaini kukodi stoo kutoka kwangu?"

"Walinipatia karatasi mingi. Mimi huwa nasaini tu. Sisomi."

"Husomi."

"Sikusoma, Atyang."

Gordon alikuwa amevaa kiatu. Sijui alivaa saa ngapi. Amesimama vizuri sasa, mguu hauumi tena, na pingu zinalia kwa mkono wake. Mzee Emorut akamwangalia, akamwangalia tena, na wakaelewana bila neno, kama watu wamewahi kula mbuzi moja.

"Madam," Gordon akasema, "kama mwenye stoo ni binti yako, hii faili si ya mkono wako tena. Hiyo unajua wewe mwenyewe."

Madam Akwii alikuwa ameweka kalamu kwa karatasi, pale jina la mwenye stoo linaandikwa, na kalamu haikuwa inaenda.

Atyang akatembea mpaka mbele ya mama yake. Akanyoosha mikono miwili, viganja juu, vile tunafanya tukipokea kitu kwa mkubwa.

"Andika mama," akasema. "Kama ni sheria, andika. Halafu unishike wewe. Usimpe huyu Gordon."

"Atyang..."

"Uliweza kumwangalia Pauli. Niangalie na mimi."

Mimi nilikuwa nimeona huyo mama akimwambia mume wake ukweli mbele ya askari. Nilikuwa nimemwona akinitazama bila kupepesa, wakati mimi nilikuwa nashika meno. Nikasema huyu haogopi mtu.

Akainua uso nusu. Ukafika kwa mikono ya binti yake, kwa vidole vilivyotobolewa na sindano, ukakwama hapo. Haukupanda zaidi.

"Mama," Atyang akasema.

Madam Akwii akafunga kalamu bila kuandika. Akaiweka juu ya faili, akampatia Gordon vyote viwili, akageuka, akaenda.